Gari la Manyuo Linapochelewa Kuitika: Mada kwa Mafundi wa Nyamagana



Wenye Altezza na Impreza za manyuo wanatuletea lalamiko lilelile: ukikanyaga mafuta, gari linasita kwanza ndipo linachukua. Nasi tumekuwa wepesi mno kubadilisha plagi, koili, kisha pampu ya mafuta, yote kwa pesa ya mteja. Ombi langu leo ni kwamba tujue kwanza kuchelewa kunaanzia wapi: kwenye injini, au baada ya injini.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Asubuhi mapema, barabara ikiwa tupu, panda kilima cha Bugando kwa gia ya tatu, kanyaga mafuta mpaka chini, na mwenzako autazame mshale wa mizunguko. Mshale ukiruka juu huku mwendo hauongezeki, injini imeitika vizuri. Klachi ndiyo inayoteleza. Kumsafishia throto mteja huyo ni kumla pesa yake bure. Mshale ukisita pamoja na gari, hapo fungua boneti.

Kwa vumbi la mji wetu, mimi huanza na mpira wa hewa ulio kati ya sensa ya hewa na throto. Uvue kabisa, uupeleke kwenye mwanga, uukunje kwa mikono miwili. Nyufa hujificha kwenye mikunjo, na mpira ukiwa umefungwa mahali pake huzioni. Hewa inayopenya hapo haikupita kwenye sensa, kwa hiyo kompyuta inatoa petroli pungufu. Injini inakohoa, kisha inachukua. Ukishamaliza mpira, tazama masizi kwenye kilango cha throto. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa.

Kwenye throto hiyo ya umeme, sensa za pedeli hupeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua kilango kifunguke kiasi gani. Baadhi ya watengenezaji huipunguza kasi ya kufunguka kwa kilango makusudi ili gari lisishtuke. Mteja aelezwe hivyo waziwazi, asiuziwe kifaa.

Kuna jambo la mahali petu pia. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa imepungua kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam. Altezza RS200, injini ya lita 2 isiyo na tabo, lazima ipoteze nguvu, hata ikiwa nzima kabisa. Impreza WRX hufidia kwa tabo, lakini tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi, na kwenye mizunguko ya chini moshi huo hautoshi. Anayepanda Isamilo kwa gia ya nne atasubiri. Mwambie ashushe gia. Kasoro ikitoweka, mrudishie funguo. Isipotoweka, kagua mabomba yanayotoka kwenye tabo, ukianzia kwenye vibanio vyake.