Binti Akibaki Darasani, Afya Yake Hulindwa

Mazungumzo kwa mabaraza ya wazazi, Kaunti ya Samburu



Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Samburu ilikuwa asilimia 50, kiwango cha juu zaidi nchini. Nyeri na Nyandarua zilikuwa na asilimia 5.

Si kwamba mabinti wa Samburu ni watundu kuliko wa Nyeri. Mazingira ndiyo tofauti. Miongoni mwa wasichana wa Kenya ambao hawakusoma kabisa, karibu 4 kati ya 10 walikuwa wamewahi kushika mimba. Kwa wale waliosoma kupita sekondari, ni asilimia 5 tu. Umaskini pia huchangia.

Mara nyingi safari huanza polepole. Ukame unaingia, binti anaachishwa masomo akachote maji. Anakosa sodo, anabaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Anavishwa shanga na moran, na kuanzia hapo anahesabiwa mtu mzima ilhali bado ni mtoto. Mvulana naye anapelekwa malishoni mbali, na habari za mwili wake anazipata kwa wenzake pekee.

Gharama yake hulipwa na mwili. Mama aliye chini ya miaka 20 yumo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua. Uchungu ukichukua muda mrefu bila msaada, unaweza kumwachia fistula.

Sheria iko wazi. Ndoa ni kuanzia miaka 18. Kufanya ngono na mtoto ni jinai, na ng'ombe waliolipwa nyumbani hawafuti kosa hilo. Aliyejifungua naye ana haki ya kurudi shule. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unasema hivyo.

Muhula ukifunguliwa, kila mzazi ahesabu watoto wake: nani hayuko darasani, na kwa nini? Jibu alipeleke kwa mwalimu mkuu, chifu au mhamasishaji wa afya ya jamii mapema. Mtoto akiwa hatarini, piga 116 bila malipo, usiku na mchana.