Shule ya uswahilini imepanda? Tuhesabu vichwa kwanza

Haya ni maelezo ya mwalimu mstaafu wa shule ya msingi mbele ya vijana wa Vingunguti, Dar es Salaam. Tunayachapa karibu kama alivyoyasema.



Nimeombwa niseme kuhusu shule ya mtaani. Ipo moja huku kwetu, jina naliweka kapuni maana zinazofanana nayo ni nyingi. Zamani ukisema mdogo wako anasoma pale, watu wanakupa pole. Leo ukutani kuna bango la asilimia ya waliofaulu darasa la saba, na mwenye macho anaona imepanda. Vijana mnaniuliza: mwalimu, ni kweli au tunapigwa changa la macho?

Nitawajibu kwa lugha ya kijiweni. Ninyi wote hapa mnajua kusoma msimamo wa ligi. Mkiona Simba au Yanga iko juu, jambo la kwanza mnauliza imecheza mechi ngapi. Je, mmewahi kusikia timu inayoruhusiwa kuchagua mechi za kuhesabiwa, ile aliyoona itafungwa ikaifuta? Hakuna. Lakini shule inaweza kufanya hivyo na ikapigiwa makofi.

Chukueni mfano, na narudia, huu ni mfano tu. Mwaka jana watoto 200 wamekaa kwenye mtihani, wamefaulu 100. Hiyo ni asilimia 50. Mwaka huu wamekaa 120, wamefaulu 90. Asilimia 75! Bango linapanda ukutani na keki inakatwa. Sasa hesabuni vichwa. Mwaka jana mtaa ulipata watoto 100 wa kwenda sekondari, mwaka huu 90. Mtaa umepoteza watoto 10 na tunashangilia. Na wale 80 ambao hawakukaa kwenye mtihani, wako wapi? Bango halisemi, kwa sababu asilimia hupigwa kwa waliofanya mtihani, haipigwi kwa walioandikishwa.

Msije mkadhani nawatungia hadithi. Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Moja ya mambo yake ilikuwa kuzipanga shule zote kwa namba, kitaifa na kiwilaya, na kutangaza hadharani nani wa kwanza, nani anavuta mkia. Baadaye watafiti watatu, Cilliers, Mbiti na Zeitlin, wakachambua matokeo ya shule zote nchini kuanzia 2011 hadi 2016. Waliyoyakuta yana pande mbili, na mtu mkweli lazima azitaje zote. Upande wa kwanza, shule zilizokuwa chini kabisa wilayani mwao zilipanda kweli. Aibu iliwaamsha watu. Upande wa pili, shule zilianza kuwaondoa watoto kabla hawajafika kwenye mtihani wa darasa la saba. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2021.

Kwa hiyo aliyewaambia kwamba shule za serikali hazipandi kamwe amewadanganya, na aliyewaambia kila iliyopanda imepanda kwa halali naye amewadanganya.

Sisi walimu tunajua mtoto anavyoondolewa. Hafukuzwi kwa barua. Mzazi anaitwa ofisini, anaambiwa kwa upole kwamba mwanao arudie la sita. Au kwamba kuna shule nyingine kule pembeni itamfaa zaidi. Au hasemwi kitu, anachapwa na kudharauliwa mpaka mwenyewe anaona bora akasukume mkokoteni. Mwisho wa mwaka anaandikwa mtoro. Mtoro! Kama vile alikimbia shule iliyokuwa inamtaka.

Tuangalie na namba za taifa. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa kompyuta, mtoto anasiliba herufi. Mwaka huo walifaulu kama asilimia 31. Mwaka 2013 wakafika karibu 51, na 2016 wakafika 70. Ndani ya miaka minne! Mimi nafurahi mtoto akifaulu, lakini sikuona darasani kitu kilichozidi maradufu kwa kasi hiyo. Na kumbukeni mwaka huohuo wa 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba watoto zaidi ya 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Waliwezaje kufaulu? Mtoto anayebahatisha maswali yenye majibu matano, atapata moja katika kila matano bila kusoma hata mstari.

Basi tupime kwa nini? Mimi kipimo changu ni darasa la pili, na wala hakihitaji kompyuta. Mwiteni mdogo wako wa darasa la pili, mpe gazeti hili, mwonyeshe sentensi tatu fupi. Asome kwa sauti, kisha akwambie amesoma nini. Akiweza yeye, na mwenzake wa nyumba ya pili, na wa tatu aliyechakaa sare, hiyo shule inafundisha. Asilimia ya darasa la saba ikiwa ndogo mwaka huu, ngojeni miaka michache, hao watafika. Shule ikianza kupona huanzia chini. Anayeanzia darasa la saba kwa kambi na mitihani ya kila Jumamosi anapaka rangi nyumba iliyooza msingi.

Jambo jingine, na hapa nawatetea wenzangu. Msiifananishe shule ya Vingunguti na zile za Masaki zenye basi la njano. Kule mtoto anafika anajua kusoma tayari na ameshiba. Huku anafika hajanywa hata chai, na anakuta darasa limejaa hadi mlangoni. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Nani kati yenu aliwahi kukaa darasa la watoto 45? Naona mnacheka. Vyoo, kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 1,000 na wavulana 1,000 inatakiwa iwe na matundu 90. Nendeni mkahesabu, halafu mjiulize kwa nini wasichana wakubwa hawaonekani siku kadhaa kila mwezi.

Na fedha? Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Katika hizo 4,000 zilibaki juu za kununulia vitabu, 6,000 zikaja shuleni. Gawanyeni kwa miezi 12: shilingi 500. Mwalimu mkuu mwenye watoto 2,000 alipewa milioni moja kwa mwezi ya chaki, mitihani na kitasa kilichovunjika. Akiweza kuwafundisha watu kusoma kwa hela hiyo, mimi namvulia kofia, hata kama bango lake ni la asilimia 40.

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora. Wengi walinung'unika. Mimi sikulia, kwa sababu orodha ile ilikuwa tangazo la biashara la shule za ada. Lakini matokeo ya kila shule bado yanatolewa, na kijana mwenye simu anayasoma hapohapo alipo. Kazi iliyobaki ni yenu: mtandao unakwambia wangapi wamekaa kwenye mtihani, haukwambii wangapi walitakiwa wakae.

Kila shule ina kamati, na ndani yake wamo wawakilishi wa wazazi. Mikutano ya wazazi nimehudhuria miaka mingi, wanakuja akina mama na bibi, vijana wa kiume mko kwenye banda la mpira. Nendeni. Msiende kugomba, nendeni na swali moja. Daftari la mahudhurio la darasa la saba lipo. Ombeni mwekewe kando yake lile la darasa la tatu la miaka minne iliyopita. Wapo waliohama na wapo waliohamia, hilo tutaelewana. Lakini kila jina lililokuwa kule na hapa halipo, kamati iulize lilikwenda wapi. Baadhi ya majina hayo mtayatambua, maana wenyewe wanawauzieni maji pale kituoni kila asubuhi.

Mwenye swali anyooshe mkono.