Mita za umeme Johannesburg: saa iliyoishiwa namba

Msikilizaji, usiku wa tarehe 24 Novemba mwaka 2024, hesabu moja iliyodumu kwa karibu miaka 32 ilifika mwisho wake. Hakuna kengele iliyolia, na hakuna taa iliyozimika papo hapo. Hesabu hiyo ilihusu mita za umeme wa malipo ya kabla, zile ambazo mkazi wa Johannesburg huzibonyezea tarakimu 20 alizonunua dukani au kwa simu ya mkononi. Tangu dakika ile, mita ambayo haikuwa imerekebishwa ingeikataa kila tokeni mpya, hata kama mwenye nyumba ameilipia kwa fedha halali.

Si wengi wanaoifikiria mita kuwa ni kompyuta. Hata hivyo, ndani ya kisanduku kile cha ukutani mna prosesa ndogo, kumbukumbu, na programu iliyoandikwa kiwandani. Tofauti yake na kompyuta ya mezani ni kwamba mita nyingi za aina hii hazina mawasiliano yoyote na kampuni ya umeme. Hazina intaneti wala laini ya simu. Habari zote zinazozifikia huletwa na vidole vya mteja.

Mfumo huo, unaojulikana kwa herufi STS, ulizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati shirika la umeme la Eskom likijiandaa kuunganisha nyumba nyingi za Waafrika ambazo utawala wa ubaguzi wa rangi uliziacha gizani. Kutoka huko ulisambaa duniani. Mtanzania anayenunua LUKU, Mkenya anayenunua tokeni za Kenya Power, na Mganda anayetumia Yaka, wote wamo katika familia hiyo moja.

Utendaji wake ni huu. Kila tokeni ni ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa siri, ambao kompyuta ya muuzaji inao na mita ya mteja inao. Mita ikiufungua ujumbe hukuta mambo mawili makubwa: kiasi cha umeme kilichonunuliwa, na dakika ambayo tokeni ilitengenezwa. Dakika hiyo ndiyo mlinzi wa biashara nzima. Mita huweka orodha ya dakika za tokeni ilizokwisha kuzipokea. Tokeni ile ile ikiingizwa mara ya pili hukataliwa, na iliyo kongwe kuliko zote zilizomo katika orodha hukataliwa vilevile.

Wahandisi waliamua kuzihesabu dakika hizo kuanzia tarehe 1 Januari 1993, wakazitengea nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo inatosha dakika 16,777,216, wala haizidi. Hesabu ikifika kikomo hurudi kwenye sifuri, mfano wa kipima mwendo cha gari kuukuu. Tokeni iliyonunuliwa siku ya pili yake ingeonekana machoni pa mita kana kwamba imetoka mwaka 1993, nayo ingetupwa kama karatasi iliyokwisha kutumika.

Hapa tatizo linafanana na lile linalowasumbua wenye kompyuta za zamani kote duniani: programu mpya upande mmoja, chombo cha kale upande wa pili, na maelewano yamevunjika. Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vyema zilijikuta hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwenye nacho hununua nyingine. Lakini mita za STS ni makumi ya mamilioni duniani, na nyingi zimo katika nyumba za watu wa kipato kidogo. Kuzing'oa zote haikuwa njia.

Njia iliyotumika ni ya busara. Mteja alipokwenda kununua umeme, alipewa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Makundi mawili ya kwanza hayakubeba umeme hata kidogo. Yalibeba ufunguo mpya. Mita ilipoyapokea kwa mpangilio wake, iliuacha ufunguo wa zamani na kuisafisha orodha yake ya dakika. Kundi la tatu ndilo lililokuwa umeme wenyewe. Kuanzia hapo, dakika za mita hiyo huhesabiwa kutoka mwaka 2014.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini isitoshe kuifuta orodha tu? Jibu ni kwamba orodha ingefutwa bila kubadili ufunguo, tokeni zilizotumika miaka iliyopita zingefufuka, na aliyehifadhi risiti zake angewasha taa kwa karatasi za kale. Ufunguo mpya ulizizika zote. Lakini ulizika pia tokeni za zamani zilizonunuliwa na kuwekwa akiba, ndiyo maana wateja walishauriwa waziingize kwanza, kabla ya kubadili.

Mjini Johannesburg, kazi hiyo iligawanyika mikononi mwa taasisi mbili. City Power, kampuni ya manispaa, huhudumia sehemu kubwa ya jiji, ilhali Soweto na Sandton hupata umeme moja kwa moja kutoka Eskom. Matatizo ya kiufundi yalikuwa yale yanayotarajiwa kwa vyombo vilivyozeeka: vitufe visivyobonyezeka, kibodi za ndani ya nyumba ambazo betri zake zimekufa, makundi ya tarakimu yaliyoingizwa kinyume cha mpangilio. Mengi ya hayo fundi huyamaliza kwa dakika chache.

Tatizo zito lilikuwa jingine. Tarakimu za kubadili ufunguo zilimfikia mteja kupitia ununuzi, na kuna mita ambazo hakuna aliyezinunulia umeme kwa miaka mingi. Waya zimepitishwa pembeni yake. Mazoea hayo yana historia. Mwaka 1986 wakazi wa Soweto waligoma kulipa kodi za nyumba na huduma, na mgomo huo ulikuwa silaha dhidi ya ubaguzi wa rangi. Baada ya 1994 madeni yalibaki, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kamati ya wakazi wa Soweto iliwarejeshea umeme hadharani wale waliokatiwa. Tangu mwaka 2008 bei imepanda mara kadhaa. Mwezi Julai 2024, miezi 4 tu kabla ya siku ya mwisho, City Power ilianza kuwatoza wateja wake wa malipo ya kabla ada ya rand 200 kila mwezi, bila kuhesabu kodi.

Kwa mtu ambaye mita yake imepitwa, kwenda kuomba tarakimu mpya kulikuwa ni kujipeleka mwenyewe kizimbani, kwani faini ya Eskom ya kuchezea mita ilizidi rand 6,000 mwaka 2024. Siku ilipowadia, mita zaidi ya milioni 1 za Eskom nchini zilikuwa hazijabadilishwa. Nyumba zenye mita zilizopitwa hazikuingia gizani. Zilitoka tu katika daftari. Na nyumba maskini iliyotoka katika daftari hupoteza hata uniti 50 za bure za kila mwezi, ambazo sera ya serikali imezitenga tangu mwaka 2003, kwa kuwa nazo huja kwa njia ya tokeni. Tarakimu 40 zilitosha kuirekebisha saa ya mita. Deni la kutoaminiana kati ya muuzaji na mnunuzi halina tarakimu zake.

Kwa msikilizaji aliye ughaibuni, huenda jambo hili bado linamngoja nyumbani. Nyumba iliyofungwa Tanga, Kisumu au Jinja tangu kabla ya Novemba 2024 inaweza kuwa na mita ambayo haijabadilishwa. Umeme uliokuwa umebaki ndani yake utatumika kama kawaida, kisha tokeni mpya itakataliwa. Hilo si dalili kwamba mita imekufa. Inafaa kuangalia katika ujumbe wa ununuzi kama kuna makundi matatu ya tarakimu, kuhakikisha namba ya mita ni ile iliyo ukutani, na kuyaingiza kwa mpangilio, la kwanza, la pili, kisha la tatu. Kama hayapo, ofisi ya umeme ndiyo inayoyatoa, na hakuna sababu ya kumlipa kishoka.

Hesabu mpya nayo ina kikomo, mwaka 2045. Kabla yake, tarehe 19 Januari 2038, kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa biti 32 zitaishiwa namba kwa namna hiyo hiyo. Tarehe zote mbili zinajulikana tangu sasa, kama ilivyojulikana ile ya 2024.