Gole la Kuku Lililojaa Asubuhi

Wasikilizaji wa madarasa ya watu wazima, natumaini walimu wenu wamekwisha kuliandika ubaoni neno la leo. Neno lenyewe ni GOLE. Lisomeni pamoja: go-le, gole. Kuku mmoja ana gole moja, kuku wengi wana magole. Wenzetu wa Masama wanalo jina lao la nyumbani, na si vibaya kulitaja darasani. Lakini katika daftari andikeni hili.

Gole ni mfuko ulio chini ya shingo ya kuku, mwanzo wa kifua, kwa upande wa kulia. Kuku hana meno. Akidonoa punje ya mahindi huimeza nzima, nayo hukaa kwanza ndani ya mfuko huo ikilowana na kulainika. Kisha hushuka kidogo kidogo mpaka tumboni, na kutoka hapo hufika kwenye firigisi. Firigisi mnaifahamu, maana wengine mnaigombania sufuria ikiipuliwa. Ndani yake mna vijiwe ambavyo kuku amevimeza, na hivyo ndivyo vinavyosaga chakula. Basi, gole ni ghala, na firigisi ni kinu. Ghala lisipofunguka, kinu hakina cha kusaga, na kuku atakufa njaa hali kifua kimejaa chakula.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo penye kazi ya leo. Jioni, kuku anapoingia kulala, gole lake huwa limejaa. Hiyo ni dalili njema. Usiku chakula hushuka, na alfajiri gole huwa tupu. Kwa hiyo mtu akitaka kujua hali ya gole, amshike kuku asubuhi na mapema, kabla hajafungua banda na kabla hajamwaga chakula. Atie vidole chini ya shingo apapase taratibu. Akikuta ngozi imelegea na mfuko mtupu, kuku huyo ni mzima kwa upande wa gole. Akikuta donge, hapo pana shida. Ukimshika saa nne, wakati amekwisha kula, utadanganyika.

Shida hii hutoka wapi? Natazama nyumba za Masama, huko kwenye vihamba, mahali ambapo ng'ombe hufungwa zizini na majani huletwa kwa kichwa kutoka tambarare. Kuku huchakura humo humo miguuni pa ng'ombe. Jani refu na gumu akilimeza, halikatiki. Hujisokota na jingine mpaka yakawa kama mpira wa watoto. Vivyo hivyo nyuzi za viroba, na nyuzi za mgomba uliokauka. Tena uko wakati wa kupanda maharage, mama anapowafungia kuku ili wasifukue mbegu. Amefanya vema kwa shamba, lakini kuku aliyefungiwa hapati changarawe, na kwa uchovu wa kukaa hudonoa majani makavu aliyotandikiwa. Siku akifunguliwa ana njaa, hujaza gole mahindi makavu, kisha hunywa maji, nayo mahindi huvimba.

Kabla ya kutibu, jiulize swali moja: wanaoumwa ni wangapi? Nasema hivyo kwa sababu mdondo, ambao wengine huuita kideri, nao hujaza gole maji. Ukiona kuku wawili watatu wamejikunja siku moja, wanaharisha kijani, wanahema kwa shida, au shingo zinapinda, acha habari ya gole. Huo ni ugonjwa wa kuambukiza na hauna dawa ya kuuponya. Usiwapeleke kuku hao soko la Kwa Sadala ili kuokoa fedha, maana utakuwa umeugawia ugonjwa kila kijiji kilichofika sokoni siku hiyo. Mwite bwana mifugo, ambaye huenda akawa bibi, na waliokufa wazikwe katika shimo refu au wachomwe moto. Kinga ya mdondo ni chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila miezi 3 kwa kuku walio wazima. Wazima, nasema, chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Na ikiwa ni kuku kijana wa miezi michache, naye amelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, hiyo huenda ikawa mareksi, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kukanda gole hakutamfaa.

Lakini tuseme ni mmoja tu. Mama amemshika alfajiri, akakuta donge gumu kama kinyunya cha unga. Kuku amezubaa, hataki kula, au anadonoa kisha anatupa. Hili ni gole lililoziba, nalo laweza kutibiwa nyumbani.

Kwanza mtenge kuku mahali pakavu penye kivuli, pasipo majani ya kudonoa. Asipewe chakula kwa muda wa saa 12 hadi 24, ila maji safi awe nayo. Chukua mafuta ya kula, ya alizeti yanafaa sana, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kuku mkubwa, na nusu yake kwa mdogo. Mtu mmoja ampakate kuku akiwa wima kama anavyosimama. Wa pili adondoshe mafuta pembeni mwa mdomo, tone baada ya tone, akimngoja ameze. Usiyamimine. Nyuma ya ulimi wa kuku mna tundu la pumzi, na mafuta yakiingia humo huenda mapafuni. Baada ya mafuta, mpe vivyo hivyo maji ya uvuguvugu kidogo.

Kisha kanda. Tumia vidole kama mtu anayeponda ndizi iliyoiva bila kuipasua ganda. Lengo ni kulivunja donge, si kulisukuma litoke mdomoni. Kanda dakika 5, umwache apumzike, na urudie mara tatu au nne kwa siku. Mara ya kwanza huenda usione mabadiliko. Mara ya tatu kwa kawaida utasikia donge linaachana, na punje moja moja zinapita chini ya vidole. Asubuhi ya pili papasa tena. Gole likiwa limepungua, mpe uji mwepesi au ugali uliolowekwa, kidogo kidogo, wala usimpe mahindi mpaka gole liwe tupu asubuhi mbili mfululizo.

Kuna desturi ya kumwinamisha kuku kichwa chini na kumkamua mpaka atapike. Naijua sifa yake, na wako kuku waliopona kwa njia hiyo. Hata hivyo sitawafundisha. Kinachotoka golini hupita mbele ya lile tundu la pumzi nililolitaja, na kuku huvuta pumzi wakati wowote. Wengi huzama pale pale mikononi, na mwenye kuku husema, "Siku yake ilikuwa imefika."

Pengine donge si gumu. Unapapasa na kukuta mfuko laini, umejaa maji, kama kibuyu kisichojaa, na mdomo wa kuku unanuka uchachu. Hilo ni gole lililochacha. Kuvu wamezidi humo, na chakula kinafanya kama mbege inavyofanya kwenye pipa. Hapa usikande sana, wala usimpe mafuta. Mfungie chakula saa 12, mpe maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara, kisha uji mwepesi usio na sukari. Na machicha ya mbege, ambayo kuku huyapenda mno, asiyaone kabisa; gole linalochelewa kumwaga chakula haliwezi kuyachukua. Asipopata nafuu kwa siku 2, iko dawa ya kuua kuvu, na bwana mifugo ndiye wa kuipima.

Hapo nina neno na akina baba wanaonunua dawa ya unga dukani na kuitia katika maji kila kuku anaposinzia. Dawa zile za kuua vijidudu haziui kuvu. Zaidi ya hayo, huua vijidudu vile vyema vinavyowazuia kuvu wasizidi, kwa hiyo kuku aliyenyweshwa dawa hizo siku nyingi ndiye hupatwa na gole lililochacha upesi. Mayai yake nayo hubaki na dawa, na mtoto wako ndiye anayeyala.

Liko pia gole lililolegea. Kuku huyu anatembea na mfuko unaoning'inia kama titi la mbuzi, mwezi baada ya mwezi. Nyama ya mfuko imetanuka na hairudi. Ikiwa kuku angali mnene na ana nguvu, mfanye kitoweo mapema, na gole ulitupe.

Na wembe? Ni kweli kwamba gole lililoziba kabisa huweza kupasuliwa, kusafishwa na kushonwa. Mtaalamu huifanya kazi hiyo kwa kushona tabaka mbili mbalimbali, la gole kwanza, halafu la ngozi. Mtu akishona yote pamoja kwa sindano ya nguo, chakula huvuja chini ya ngozi na kuoza. Ikiwa umekanda siku 2 na donge bado ni gumu, chagua mawili: kumpeleka kwa mtaalamu, au kumchinja angali hajakonda. Mama mwenye kuku 6, ambaye mayai yake ndiyo sabuni na daftari za watoto, asione haya kuchagua la pili.

Kwa ambao kuku wao ni wazima: katakateni majani mafupi kabla ya kuwatupia, okoteni nyuzi za viroba, na mnaowafungia wawekeeni kopo la changarawe ya mtoni.

Sasa kazi ya nyumbani. Kesho alfajiri kila mwanafunzi awapapase kuku wake wote kabla ya kufungua banda. Aandike katika daftari mistari mitatu: kuku ni wangapi, magole matupu ni mangapi, yaliyojaa ni mangapi. Asiye na kuku aombe ruhusa kwa jirani, lakini aombe jioni, asije akadhaniwa mwizi. Mwalimu atazijumlisha hesabu za darasa zima ubaoni. Juma lijalo tutasoma habari za kutunza mayai ya kuatamia. Kwaherini.