Jibu Lako Linakwenda Wapi?

Iwe uko Molo unamenya viazi, uko Bahati umetoka kukamua, au uko Nakuru mjini unafua nguo za watoto, ongeza sauti ya redio kidogo tuzungumze.

Siku moja unasikia hodi. Mlangoni kuna kijana mwenye kitambulisho shingoni, ameandamana na mzee wa kijiji. Anasema anafanya utafiti wa afya. Anauliza: Watu wangapi wanaishi hapa? Kuna mzee wa miaka 50 au zaidi? Anaona vizuri? Wewe unasema moyoni, hawa huja, huandika, huenda, na hatuoni kitu. Shosho amekaa chumba cha nyuma na miaka miwili sasa haoni njia ya kwenda chooni. Lakini una kazi nyingi, tena unaona haya kidogo. Unajibu, "Hapa sote tuko sawa." Kijana anaandika na kuondoka.

Leo, mama, nataka tulifuate hilo jibu lako. Linakwenda wapi?

Linakwenda kwenye kompyuta. Na usiogope neno kompyuta. Kama unapeleka maziwa kwa chama cha ushirika, kazi hii unaijua. Karani wa maziwa ana daftari. Kila mkulima ana nambari yake na mstari wake. Kila siku ina safu yake ya kilo. Mwisho wa mwezi karani anajumlisha, nawe unajua utalipwa ngapi. Je, karani akiandika kilo 70 badala ya 7? Hesabu yote inaharibika.

Kompyuta ya watafiti ni daftari kama hilo. Kila mtu aliyepimwa ana mstari wake. Kila swali lina safu yake: umri, mwanamume au mwanamke, anaona au haoni, na kama haoni, ni kwa sababu gani. Majibu mengi hugeuzwa kuwa nambari, kwa mfano 1 ni mwanamume na 2 ni mwanamke. Halafu watafiti hutumia programu ya takwimu. Zipo nyingi. Iko Epi Info, ambayo shirika la CDC la Marekani lilianza kuitoa mwaka wa 1985, bila malipo. Ziko pia Stata, SPSS na R.

Programu hizo hufanya nini? Nitataja kazi tatu.

Kwanza, hukagua. Ikiona mwanamume aliyeandikwa kuwa ni mjamzito, au mtoto wa miaka 5 mwenye wajukuu, inamwonyesha mtafiti kwamba hapo pana kosa. Tafiti nyingine huwapa makarani wawili fomu zile zile, kila mmoja aingize peke yake, kisha kompyuta ilinganishe. Wakitofautiana, fomu inatolewa na kusomwa upya.

Pili, huhesabu na kupanga. Wanawake wangapi, wanaume wangapi, wa umri gani, wenye shida gani. Kazi ambayo ingekuchukua miezi kwa kalamu humalizika kwa dakika chache.

Tatu, humsaidia mtafiti kujua kama tofauti anayoiona ni ya kweli au ni bahati tu. Ukionja punje mbili za githeri, huwezi kusema sufuria nzima imeiva. Ukikoroga vizuri na kuonja kijiko kizima, unaweza. Programu humwambia mtafiti kijiko chake kinatosha kiasi gani.

Sasa tuje hapa kwetu. Mwaka wa 2005, utafiti wa macho ulifanywa katika iliyokuwa Wilaya ya Nakuru. Daktari wa macho Wanjiku Mathenge alikuwa miongoni mwa walioufanya. Hawakuweza kupima kila mzee wa wilaya nzima. Walichagua kwa bahati nasibu sehemu mbalimbali za wilaya, na katika kila sehemu wakatafuta watu wapatao 50 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Jumla walikuwa 3,784. Waliopimwa ni 3,503.

Katika utafiti wa namna hii, mzee huonyeshwa herufi E iliyoelekezwa juu, chini, kulia au kushoto, naye anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Hata asiyejua kusoma anapimika. Asiyeona vizuri anaangaliwa kujua sababu. Kisha fomu zinaingizwa kwenye programu iliyotengenezwa mahususi kwa utafiti wa aina hiyo.

Kompyuta ilitoa nini? Katika kila watu 100 wa umri huo, 2 walikuwa vipofu wa macho yote mawili. Na katika kila vipofu 100, karibu 42 walikuwa na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho, mama, ni ile lenzi ndani ya jicho inapofifia na kuwa kama kioo chenye ukungu. Hauponi kwa matone wala kwa dawa za miti. Unatibiwa kwa upasuaji, na mtu anaweza kuona tena. Narudia: anaweza kuona tena.

Wenye mtoto wa jicho ambao hawakuwa wametibiwa waliulizwa kwa nini. Sababu mbili kubwa zilikuwa hizi: hawakujua kwamba kuna matibabu, na gharama.

Kompyuta haikuwaficha madaktari pia. Takribani jicho moja kati ya kila matano yaliyokuwa yamefanyiwa upasuaji lilikuwa bado haliwezi kuona vizuri. Hiyo si habari ya kumtisha mtu asiende hospitali. Ni habari ya kumwambia daktari kwamba kazi hii ifanywe vizuri zaidi, na kukuambia wewe umrudishe mzee siku aliyoambiwa arudi, asibaki nyumbani kwa sababu bandeji imetolewa.

Basi fikiria yule shosho wa chumba cha nyuma. Ukisema "sote tuko sawa," kompyuta itaandika kwamba anaona. Programu inaweza kukamata mwanamume mjamzito, lakini haina namna ya kujua kwamba umemficha shosho. Yeye hatahesabiwa. Na nyumba 10 zikifanya hivyo, na nyumba 100, hesabu itasema shida ni ndogo hapa. Anayepanga madaktari wa macho, vitanda na dawa atatazama karatasi yake na kupeleka nguvu kwingine. Si kwa ubaya. Ndivyo karatasi inavyosema.

Kuna jambo jingine. Mwaka wa 2007 na 2008, wazee 4,414 walipimwa macho hapa Nakuru katika utafiti mwingine mkubwa zaidi. Katikati ya hayo zikaja ghasia za baada ya uchaguzi, na familia nyingi zikahama. Watafiti waliporudi mwaka wa 2013 na 2014 kuwatafuta wazee wale wale, walipata karibu nusu tu. Wengine walikuwa wamefariki, wengine wamehama. Katika hali kama hiyo mtafiti hulazimika kujiuliza: Je, hawa niliokosa wanafanana na hawa niliowapata? Programu inaweza kumsaidia kukadiria. Lakini hakuna programu inayoweza kumwona mtu ambaye hakuonekana.

Kwa hivyo, mama, na wewe mlezi, ukisikia hodi ya utafiti, fanya hivi.

Kwanza, uliza. Nani amekutuma? Utafiti ni wa nini? Barua ya kibali iko wapi? Utafiti wa afya katika Kenya unahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI. Kuuliza si ukorofi, ni haki yako.

Pili, una uhuru wa kukataa, au kuruka swali usilolitaka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inalinda habari zako. Uliza kama jina lako litawekwa mbali na majibu yako na nambari itumike badala yake.

Tatu, ukikubali, sema kweli. Kama hujui tarehe ya chanjo, usikisie. Lete kijitabu cha kliniki. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Hilo nalo ni jibu, na kompyuta ina mahali pake.

Nne, mtoe shosho chumbani. Iwe unamwita shosho, gogo au nyanya, mlete apimwe.

Na usingoje utafiti. Kama kuna mzee nyumbani ambaye macho yake yamefifia, mpeleke hospitali yenye huduma ya macho. Uliza mapema gharama ni kiasi gani, na bima ya SHA inalipia nini. Na ukiona weupe katikati ya mboni ya jicho la mtoto, hata kama ni mchanga, mpeleke wiki hii hii. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa uvimbe wa saratani, na yote mawili hayataki kungoja.

Mpenzi msikilizaji, wale wazee 3,503 wa mwaka wa 2005 walikubali kupimwa macho. Kwa sababu yao leo naweza kukuambia kwamba kwa wengi upofu wa shosho si uzee tu. Jibu lako nalo litamsaidia mtu usiyemjua.

Hadi tutakapokutana tena, tunza afya yako na ya walio nyumbani kwako. Kwaheri.