Nani Atamdhamini Kijana Huyu?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Garsen)

Nimeombwa nizungumze juu ya kuwatayarisha vijana wasiojiweza ili wapate kazi. Nina neno moja tu, kisha nitaeleza namna ya kulitenda.

Neno lenyewe ni hili: kijana maskini wa Tana River mara nyingi hakosi nguvu wala akili. Anakosa karatasi, na anakosa mtu wa kumdhamini. Yote mawili kikundi kinaweza kumsaidia kuyapata.

Mtoto wa mwenye uwezo akimaliza shule ana mjomba anayemjua karani wa kazi. Yatima, msichana aliyezaa akiwa shuleni, mvulana aliyekua nyuma ya ng'ombe bila kuingia darasani, hawa hawana mjomba wa namna hiyo. Basi kikundi ndicho kiwe mjomba wao.

Miradi imekuja huku kwetu. Tulikuwa na mpunga wa TARDA hapa Delta, mpaka mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakabomoa kingo na mifereji. Ukaja Galana-Kulalu mwaka 2014. Jirani zetu wa Lamu, gati la kwanza la bandari yao lilifunguliwa mwaka 2021. Kila mradi ukija, langoni huulizwa: kitambulisho kiko wapi? Cheti kiko wapi? Nani anakujua? Asiye na jibu hupewa jembe la kibarua, tena kwa siku chache. Na mradi ukifa, mwenye ufundi huondoka na ufundi wake. Kibarua huondoka mikono mitupu.

Sasa tufanye nini? Nitataja mambo matano.

Kwanza, karatasi. Kila kikundi kiandike majina ya vijana waliotimiza miaka 18 na bado hawana kitambulisho. Wengine hawana hata cheti cha kuzaliwa. Mzee mmoja afuatane nao mpaka kwa chifu na kwa msajili, maana kijana akienda peke yake akaambiwa "rudi kesho" mara tatu, hukata tamaa. Nasi watu wa mtoni tunajua maji yanavyochukua vitu: 2018, tena 2023, tena 2024. Wekeni nakala za vyeti ndani ya mfuko wa nailoni, katika sanduku la kikundi, mahali pa juu.

Pili, hesabuni kabla ya kuchagua kazi. Tembeeni sokoni Garsen mpaka njia panda ya Minjila. Mafundi cherehani wangapi? Wa kutengeneza pikipiki? Wa pampu za maji? Wa kuchomelea vyuma? Wa sola? Kijiji kikiwa na cherehani nyingi zilizofunikwa vitambaa, usimpeleke msichana wa ishirini kujifunza kushona. Labda pampu ndizo hazina fundi. Na msichana anaweza kufungua pampu, jamani, spana haimuulizi mtu jinsia.

Tatu, mahali pa kujifunza. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza mtoto afanye nini baada ya shule. Fikira zile ndizo zilizosaidia kuzaa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo tangu 2013 viko chini ya kaunti. Mwenye nafasi na aende huko. Lakini asiyeweza karo anaweza kujifunza kwa fundi wa jua kali, kisha akafanya mtihani wa serikali unaosimamiwa na NITA, ule watu huuita gredi. Huanza gredi ya tatu, kisha ya pili, mpaka ya kwanza. Mtihani huu hautaki cheti cha kidato cha nne, unapima kazi ya mkono. Ada ipo, kwa hiyo kikundi kianze kuchanga mapema.

Nne, andikeni mapatano. Vijana wengi hukaa kwa fundi miaka, wakiteka maji na kufagia tu. Kikundi na fundi waandikiane: miezi mingapi, atafundishwa nini, nani atampa chakula. Kama msichana ana mtoto mchanga, akina mama wapange zamu ya kumlea. Halafu kila mwezi mtu aende akaulize, "Amejifunza nini?"

Tano, akihitimu, mkopesheni vifaa, msimpe pesa. Spana na mashine hubaki, noti huyeyuka. Wanaohitimu wakiungana na kuandikisha kikundi chao, wakumbuke sheria ya ununuzi wa serikali ya 2015: asilimia 30 ya zabuni ni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Madawati ya shule hutengenezwa na mtu. Kwa nini asiwe wetu?

Ndugu zangu, hatujasahau mwezi wa Agosti 2012 mpaka Januari 2013, Wapokomo na Waorma walipouana, wakafa watu zaidi ya mia moja, akina mama na watoto wakiwamo. Ugomvi ule ulikuwa na mizizi mingi: ardhi, maji, malisho, siasa. Sisemi kazi peke yake itaing'oa yote. Lakini kijana asiye na shughuli ni rahisi kukodiwa. Kwa hiyo nawaomba, fundi wa Kipokomo apokee mtoto wa Kiorma, na fundi wa Kiorma apokee wa Kipokomo. Wakishika pampu moja pamoja, kuna siku mmoja atasema, "Huyu namjua."

Mkirudi nyumbani, katika mkutano ujao kila kikundi kichague kijana mmoja, mmoja tu, asiyekuwa na mtu. Asiwe mtoto wa mwenyekiti! Andikeni jina lake kwenye kitabu cha kumbukumbu, na mbele yake jina la mzee atakayemdhamini. Kazi ianzie hapo.