Ukuta wa Darini



Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, imo amri fupi ambayo aghalabu tunaipita mbio tusomapo. Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta kwenye dari yake, ili asiwepo mtu wa kuanguka kutoka juu na kuiletea nyumba hiyo hatia ya damu. Nyumba za nchi ile zilikuwa na paa bapa, na watu walipanda huko kuanika mazao, kufanya kazi na kupumzika. Muumba wa mbingu na nchi hakuona kuwa ni jambo dogo kuamuru habari za ukuta.

Tuitazame vema amri hiyo. Haimwambii mwenye nyumba amlilie aliyeanguka, wala agharimie mazishi yake. Inamwambia ajenge kabla hajaanguka mtu. Tena haimuulizi kama alimsukuma mwenzake. Yatosha kwamba dari ilikuwa yake, alijua kuwa ina ukingo, na akauacha wazi.

Sisi wa Nzega, na wa Unyamwezi wote, tu wazao wa watu wa kazi. Katika karne ya 19 mababu zetu walibeba mizigo ya karibu kilo 30, na wengine pembe za ndovu zilizozidi hapo, kwa wiki nyingi za mwendo kati ya Tabora na pwani. Walisifiwa kwa nguvu zao. Lakini walijua pia kuitua mizigo na kukataa kwenda mbele, posho ilipokosekana au mapatano yalipovunjwa. Walijua kwamba mgongo wa mtu una haki zake, na kwamba mzigo umeumbwa kwa ajili ya safari, si mtu kwa ajili ya mzigo.

Leo mizigo yetu imebadilika. Mgodi mkubwa wa Golden Pride ulianza kutoa dhahabu katika wilaya yetu mwishoni mwa miaka ya 1990, ukaja kufungwa baada ya takriban miaka 15. Wachimbaji wadogo walikuwapo, na wangalipo. Kijana hushuka duarani kwa kamba, akatoboa mwamba gizani. Mawe hupelekwa kwenye karasha. Unga wake huoshwa na kukamatishwa kwa zebaki. Wengine wetu tuko kwenye mashamba ya tumbaku, wengine kwenye malori yapitayo njia panda yetu usiku na mchana. Basi na tujiulize: katika dari hizi zote, ukuta uko wapi?

Mwaka 1700, tabibu mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Aliwaasa waganga wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: wafanya kazi gani? Kwa swali hilo dogo yakaonekana mambo yaliyokuwa yamefichika kwa muda mrefu. Ikajulikana kwamba kuna maradhi yasiyoanzia nyumbani kwa mgonjwa, bali kazini kwake.

Swali hilo limeulizwa na kwa majirani zetu. Watafiti walipima vumbi katika machimbo madogo ya dhahabu huko Geita, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015. Walikuta kwamba mtu atobowaye mwamba chini ya ardhi alivuta, kwa wastani, vumbi la mawe kiasi cha mara 337 ya kiwango kinachopendekezwa na wataalamu. Vumbi hilo ni laini mno. Kitambaa cha kujifunga puani hakilizuii. Huingia mapafuni, likayakwaruza na kuyaacha na makovu, na makovu hayo hayana dawa. Mapafu yaliyokwisha kudhoofika hivyo hushikwa upesi na kifua kikuu.

Wasikilizaji wapenzi, mara ngapi tumemwona kijana mwenye nguvu akirudi kutoka machimboni amekonda, anakohoa, hawezi kupanda hata kilima kidogo? Na mara ngapi tumesema amerogwa, akatafutwa bibi kizee wa kubebeshwa lawama? Hapo huwa tumetenda dhambi mbili: tumemsingizia asiye na hatia, na tumeliacha vumbi liendelee kuua. Wengine husema kwa upole zaidi, kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli kabisa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Lakini duara lisilo na matimba si kazi ya Mungu. Dereva aliyenyimwa usingizi kwa siku mbili si kazi ya Mungu. Ni kazi yetu, na makosa yake ni yetu. Tusilitumie jina la Bwana kuufunika ukuta ambao hatukuujenga.

Zebaki nayo hutuibia kwa siri. Mchanganyiko wake na dhahabu uchomwapo juu ya moto, zebaki hugeuka mvuke usioonekana, nao huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtu achomaye nyumbani, penye chungu cha mboga na mama mjamzito, huwagawia sumu hiyo hata wale ambao hawajazaliwa. Na katika tumbaku, avunaye majani mabichi yenye umande huingiwa na sumu yake kupitia ngozi. Jioni huona kizunguzungu na kutapika, akadhani ni malaria.

Kuta za mambo haya zinajulikana, wala si ghorofa. Mwamba ulowekwe maji kabla ya kutobolewa, ili vumbi lisipande. Duara liwekwe matimba, na mtu asishuke kabla halijakaguliwa. Zebaki, maadamu bado inatumika, ichomwe mbali na makazi katika chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wake. Mvunaji wa tumbaku avae glavu na nguo ndefu, na asubiri umande ukauke. Mtoto asikaribie kazi hizi kabisa. Dereva alale.

Twasikia mchimbaji akijibu: Padre, njaa itaniua kabla ya vumbi, na maji yenyewe wakati wa kiangazi ni ya shida. Ndugu yetu, hatukudharau. Lakini amri ile haikuwekwa juu ya aliyepanda darini. Iliwekwa juu ya mwenye nyumba. Mwenye duara achukuaye mgao wake, mwenye karasha, mnunuzi wa dhahabu, mwenye lori, mwenye shamba: kila mmoja apataye faida kutokana na dari hiyo ana sehemu yake katika ukuta. Pipa la maji ni sehemu ya gharama ya dhahabu, kama vile kamba na taa. Anayelipunguza ili faida yake iongezeke, amelipia tofauti hiyo kwa mapafu ya mwenzake.

Na hili si fundisho la mimbarani tu. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alihesabu miongoni mwa haki za mfanyakazi mahali pa kazi pasipodhuru afya ya mwili wala utu wake. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003, inayomtaka mwajiri kuwakinga watu wake na kuwapatia vifaa vya kinga. Tangu mwaka 2015 uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao huchangiwa na mwajiri, si kwa kukata mshahara wa mfanyakazi. Na mwezi Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani liliiweka kazi salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi wote. Lakini kibarua asiye na mkataba, ambaye jina lake halimo katika daftari lolote, atafikiwaje na hayo yote? Kumwandika mtu jina ni jiwe la kwanza la ukuta.

Basi, wewe uliye na watu chini yako, kesho kabla ya kuwapa zana, zunguka mahali pako pa kazi ukitafuta ukingo ulio wazi. Nanyi mnaofanya kazi, msione aibu kuuliza, wala msimcheke mwenzenu anayekataa kushuka duara bovu. Huyo si mwoga, analinda hekalu la Roho Mtakatifu. Ukikohoa wiki mbili, nenda hospitali, na umwambie mganga kazi yako hata kama hakukuuliza. Nasi tubakio nyumbani, tusiwasukume vijana wetu kwa kuwapima kwa fedha waletayo tu.

Leo ni Jumapili, siku ya Bwana. Mungu alipoamuru pumziko, hakumtaja bwana wa nyumba peke yake. Alimtaja na mtumishi, na mgeni, hata ng'ombe na punda. Anayeijali pumzi ya punda hawezi kuisahau pumzi ya mtoto wetu aliye chini ya ardhi.

Ee Mungu Baba, ambaye Mwanao alifanya kazi kwa mikono yake katika karakana ya Nazareti, uwalinde wote watakaoamkia kazini kesho. Utupe macho ya kuuona ukingo, na mikono ya kuujengea ukuta, ili jioni kila mmoja arudi mzima kwa watu wake. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.